Dishi na Mnara Katika Masafa Yaleyale: Kutambua Chanzo cha Mwingiliano na Kuuondoa

Katika sehemu nyingi za wigo wa redio, setilaiti na mitambo ya ardhini zimegawiwa masafa yaleyale, au masafa yanayopakana bila nafasi ya kutosha katikati. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi au mhandisi wa matangazo ambaye mapokezi yake ya setilaiti yameharibika, huku akishuku kwamba mtambo fulani wa ardhini unahusika, lakini hajui aanzie wapi.

Kosa linalofanyika mara nyingi kuliko yote ni kuona picha ikiganda na kukata shauri kwamba mawimbi ya setilaiti yamedhoofika. Fundi huongeza amplifaya, au hubadilisha LNB (kifaa kilicho mbele ya dishi kinachokuza mawimbi na kuyashusha masafa) na kuweka nyingine yenye ukuzaji mkubwa zaidi, na tatizo hukua badala ya kupungua. Swali la kwanza linapaswa kuwa hili: nguvu ngeni inaingilia wapi? Milango ni mitatu. Inaweza kuingia kupitia dishi ikiwa ndani ya masafa yenyewe yanayopokewa. Inaweza kuingia kupitia dishi ikiwa nje ya masafa hayo lakini kwa nguvu inayoilemea LNB. Au inaweza kulipita dishi kabisa na kuingilia kwenye kebo. Kila mlango una dawa yake, na dawa ya mlango mmoja haisaidii lolote kwenye mlango mwingine.

Vipimo kabla ya kugusa chochote

Pima kwanza hali ilivyo na uiandike. Hifadhi picha ya kichanganuzi cha masafa kwa upana wote wa kebo, kuanzia MHz 950 hadi 2150, kwa kila polaraizesheni (uelekeo wa mtetemo wa mawimbi), pamoja na usomaji wa MER (kipimo cha usafi wa mawimbi ya dijitali) na kiwango cha makosa kwa kila transponda (mkondo mmoja wa masafa ya setilaiti). Kipimo cha nguvu ya mawimbi kinachoonekana kwenye king'amuzi hakitoshi, kwa sababu kinajumlisha mawimbi unayoyataka na usiyoyataka. Si ajabu kikaonyesha nguvu nzuri kabisa wakati picha imeganda. Hali hiyo, yaani nguvu kubwa na ubora mdogo, ni dalili ya kwanza kwamba tatizo si udhaifu wa setilaiti.

Kisha ligeuze dishi kidogo kutoka kwenye setilaiti, digrii tatu au nne hivi, hadi mawimbi yote ya setilaiti yapotee, na uangalie kilichobaki. Mawimbi ya setilaiti moja yakitoweka na mengine yakatokea, huenda umeiona setilaiti jirani. Lakini kama kuna nundu au mstari unaobaki palepale, pengine ukipanda na kushuka taratibu kadiri dishi linavyozunguka, hiyo ni nguvu ya ardhini. Jaribio hili linachukua muda mfupi sana na linaondoa ubishi mwingi. Nashangaa kuona jinsi linavyorukwa.

Dalili: chaneli zote zimeharibika kwa pamoja, hata zile zilizo mbali na masafa ya mnara

Hii ndiyo dalili kuu katika bendi ya C, ambako setilaiti hurusha kuelekea ardhini kati ya GHz 3.4 na 4.2. Katika Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio wa mwaka 2007, nchi nyingi zilikubali sehemu ya MHz 3400 hadi 3600 itumiwe na mitandao ya simu, na tangu hapo mipaka imeendelea kusogea juu. Nchini Marekani, uamuzi wa mwaka 2020 uliwahamisha watumiaji wa setilaiti kutoka MHz 3700 hadi 4000: 280 za chini zikaenda kwa simu na 20 za juu zikaachwa kama ukanda wa kinga. LNB nyingi zilizofungwa kwenye madishi, hata hivyo, zilitengenezwa kupokea bendi nzima, na hazijui kwamba mpaka umehama.

Ukubwa wa tatizo unaonekana ukifanya hesabu. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na mawimbi yake ya GHz 4 hupoteza karibu desibeli 196 njiani (kila desibeli kumi ni mara kumi ya nguvu). Katika transponda ya MHz 36, kama jumla ya joto la kelele la mfumo ni kelvini 100, kelele yenyewe ni karibu dBm (desibeli zikilinganishwa na miliwati moja) −103, na mawimbi ya setilaiti baada ya kukusanywa na dishi huwa juu yake kwa desibeli kumi hivi tu. Sasa chukua kituo cha simu kinachotumia GHz 3.6 chenye nguvu ya mnururisho ya dBm 60, kikiwa umbali wa mita 300 bila kizuizi chochote. Upotevu wa njiani ni desibeli 93 tu. Hata kama dishi halina ukuzaji wowote kuelekea upande ule, LNB itapokea dBm −33. LNB ya kawaida ya bendi ya C huanza kuyumba inapopokea karibu dBm −60, na kwenye dBm −50 huwa imekwisha kuzidiwa.

LNB iliyozidiwa haichagui. Inapunguza ukuzaji wake kwa mawimbi yote, na inazalisha mawimbi mapya ya mchanganyiko yanayotua mahali ambapo hakuna mtambo wowote unaorusha. Ndiyo maana chaneli iliyoko GHz 4.1 inaganda ingawa kituo cha simu kiko GHz 3.6, na ndiyo maana fundi anayekagua masafa ya chaneli hiyo peke yake haoni adui. Tazama kebo kwa upana wake wote. LNB ya bendi ya C ina kisisimuzi (saketi inayozalisha masafa ya kugeuzia) cha MHz 5150, na masafa hugeuka kichwa chini: GHz 4.2 hutokea kwenye MHz 950, na GHz 3.4 hutokea kwenye MHz 1750. Kituo cha simu cha MHz 3600 kitaonekana kwenye MHz 1550 kama ukuta mpana wenye mabega yaliyosimama wima, mrefu kupita transponda zote. Ukiona ukuta huo na wakati uleule transponda zote zimeshuka kwa desibeli kadhaa ukilinganisha na picha uliyoihifadhi siku za nyuma, huna haja ya kutafuta zaidi.

Dawa yake ni kichujio cha chuma kinachofungwa kati ya pembe ya kupokelea mawimbi na LNB, yaani kabla ya hatua ya kwanza ya ukuzaji. Kichujio kinachowekwa kwenye kebo baada ya LNB hakifai kabisa kwa dalili hii, kwa sababu madhara yamekwisha kutokea ndani ya LNB yenyewe. Chagua kichujio ambacho mpaka wake unalingana na mpaka wa masafa katika nchi husika, si kile kilichopatikana kwa urahisi; kichujio cha MHz 3700 hadi 4200 hakina msaada mahali ambapo simu zinafika MHz 3800 au 3980. Katika mfano wetu wa dBm −33, ili LNB irudi chini ya dBm −60 tunahitaji angalau desibeli 27 za uzuiaji, na vichujio vizuri hutoa zaidi ya 40 ukishaacha ukingo wake. Gharama ya kiufundi ipo, nayo iwekwe kwenye hesabu: upotevu wa desibeli 0.3 ndani ya kichujio huongeza takriban kelvini 20 za kelele, kiasi kinachoweza kuwa sawa na kelele yote ya LNB nzuri. Kwenye dishi dogo lililokuwa likipokea kwa taabu, nyongeza hiyo inaweza kuonekana.

Kichujio pia ni kipimo. Kikifungwa na chaneli zote zikarudi, ulikuwa ni ulemavu wa kuzidiwa. Kikifungwa na chaneli nyingi zikarudi lakini mbili tatu zikabaki mbovu, soma sehemu inayofuata.

Dalili: transponda chache tu zimeharibika, na nyingine ni nzima

Hapa nguvu ngeni imo ndani ya masafa yenyewe unayoyapokea. Kwenye kichanganuzi utaona kiwango cha kelele kimeinuka chini ya transponda fulani, au kuna nundu inayochungulia kati ya transponda mbili. Asili yake yaweza kuwa ya aina mbili. Ama mtambo wa ardhini una kibali halali katika masafa hayo, kama vile viungo vya maikrowevu, ama mtambo wa bendi jirani unamwaga mabaki yake nje ya mipaka yake.

Mabaki hayo ndiyo yanayoleta mabishano mengi, kwa kuwa mwenye mnara atasema kwa uaminifu kabisa kwamba harushi kwenye masafa hayo. Hapa kichujio cha upande wa kupokea hakina uwezo: mabaki yakishaingia ndani ya bendi yako, hakuna kifaa kinachoweza kuyatenganisha na mawimbi ya setilaiti. Kichujio kinatakiwa kufungwa kwenye mtambo wa kurushia. Kanuni za Marekani zinaonyesha wazi tofauti ya matatizo haya mawili. Ili kuilinda LNB isizidiwe, nguvu ya simu kwenye dishi haipaswi kupita dBW (desibeli zikilinganishwa na wati moja) −16 kwa mita ya mraba kwa kila MHz. Lakini kwa mabaki yanayoangukia ndani ya bendi ya setilaiti, ukomo ni dBW −124. Kati ya namba hizo kuna desibeli 108, na yeyote anayezungumza na mwenye mnara anapaswa kujua analalamikia ipi kati ya hizo mbili.

Kama bado huna hakika chanzo ni kituo cha simu, kisimamishe kichanganuzi kwenye masafa ya nundu na ukiache kionyeshe nguvu dhidi ya wakati kwa milisekunde 20. Mitandao ya kizazi cha tano katika bendi hii hupokea na kurusha kwa zamu kwenye masafa yaleyale, na fremu yake ina milisekunde 10. Utaona vipande vya nguvu na vya ukimya vikijirudia kwa mpangilio uleule. Kiungo cha maikrowevu hakikatiki namna hiyo, nayo rada hutoa misumari mifupi sana inayokuja kila mara antena yake inapogeukia upande wako.

Tiba nyingine zote ni za mahali na uelekeo. Kwa kanuni ya kawaida inayotumika kukadiria uwezo wa dishi nje ya mhimili wake, ukuzaji ni dBi (desibeli zikilinganishwa na antena inayorusha sawa pande zote) 32 ukitoa mara 25 ya logi ya digrii za kuachana. Dishi linalotazama setilaiti iliyo digrii 5 tu juu ya upeo wa macho lina takriban dBi 14.5 kuelekea mnara ulio mbele yake. Dishi lenye mwinuko wa digrii 40 lina karibu dBi −8. Desibeli 22 na ushei zimepatikana bila kununua kitu. Kwa hiyo, pale ambapo matangazo yaleyale yanapatikana kwenye setilaiti mbili, ile iliyo juu zaidi angani ndiyo ya kuchaguliwa, hata kama nguvu yake imepungua kidogo.

Kushusha dishi kutoka paani hadi chini, nyuma ya jengo au ukuta, husaidia sana maadamu njia ya kwenda kwenye setilaiti haizibwi. Uzio wa wavu wa chuma nao unafaa, mradi matundu yake yawe madogo kuliko sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi. Kwa GHz 3.6, ambayo wimbi lake lina sentimita 8.3, matundu yasizidi milimita 8. Wavu wa kuku wenye matundu makubwa utaonekana kama ngao bila kufanya kazi ya ngao.

Dalili: transponda zilezile, nyumba baada ya nyumba, na dishi halihusiki

Katika bendi ya Ku, yenye masafa ya juu kuliko ya C, LNB ya kawaida ina visisimuzi viwili, cha GHz 9.75 na cha GHz 10.6, na hupeleka mawimbi kwenye kebo kati ya MHz 950 na 2150. Humo ndani ya kebo, mawimbi ya setilaiti hukutana na masafa ambayo hewani ni ya watu wengine: vituo vya simu vinavyorusha MHz 1805 hadi 1880, simu za mezani zisizo na waya za DECT katika MHz 1880 hadi 1900, na mitandao ya MHz 2110 hadi 2170. Kama kebo ni nzuri hawaonani. Kama ganda lake la nje limelegea, au kiunganishi kimefungwa vibaya, au kigawanyaji ni kile cha plastiki, kebo inageuka kuwa antena.

Hesabu ya kutafuta mshukiwa ni rahisi. Chukua masafa ya transponda iliyoharibika, toa kisisimuzi, na uangalie ni nani anayeishi kwenye jibu. Transponda ya MHz 12,480 ukitoa 10,600 inabaki 1880, mpakani kabisa mwa simu na DECT. Ya MHz 11,600 ukitoa 9750 inabaki 1850, katikati ya simu. Kwa bendi ya C unatoa kinyume, yaani 5150 ukitoa masafa ya transponda.

Uthibitisho ni huu: zima umeme unaokwenda kwenye LNB, fungua kebo upande wa LNB, iwekee kizibo cha ohm 75, kisha pima upande wa kipokezi. Setilaiti sasa haipo kabisa. Chochote kinachoonekana kimeingilia kwenye kebo. Badilisha viunganishi na uweke vya kubana kwa nguvu, tumia kebo yenye tabaka tatu za kinga, na uepuke vipande vilivyoungwaungwa. Usiongeze amplifaya ya kebo hadi hapo kazi hii iishe, kwa sababu itakuza vyote kwa kipimo kimoja.

Dalili: tatizo linakuja na kuondoka

Saa na hali ya hewa vinasema mengi, na hapa daftari lina thamani kuliko kifaa.

Kukatika wakati wa mvua kubwa, bila nguvu ngeni kwenye kichanganuzi, ni upotevu wa kawaida wa bendi ya Ku. Kukatika kwa dakika chache mchana, kwa siku kadhaa mfululizo karibu na Machi au Septemba na Oktoba, kwa saa inayosogea kidogo tu, ni jua linalopita nyuma ya setilaiti. Kiwango cha kelele hupanda kwa usawa kwenye bendi yote bila nundu wala mstari. Hakuna wa kulaumiwa katika mambo hayo mawili.

Kukatika usiku wenye utulivu au alfajiri, wakati anga ni safi na hakuna upepo, ni jambo jingine. Tabaka la hewa yenye joto likikaa juu ya hewa baridi, hasa juu ya bahari na tambarare, mawimbi ya ardhini hujipinda na kusafiri kama yaliyo ndani ya mfereji, yakafika mamia ya kilomita kutoka yanakopaswa kuishia. Mnara ambao hukuwahi kuufikiria, pengine katika nchi nyingine, unakuwa jirani yako hadi jua lipande na kulitawanya tabaka hilo. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, hulishughulikia jambo hili kwa asilimia za muda: pendekezo lake la P.452 hukadiria mwingiliano utakaozidi kiwango fulani kwa sehemu ndogo tu ya mwaka. Kwa masafa ya MHz 3400 hadi 3600, Kanuni za Redio zinaitaka nchi iliyoyaruhusu masafa hayo kwa simu isizidishe dBW −154.5 kwa mita ya mraba katika kHz 4, ikipimwa mita 3 juu ya ardhi mpakani mwa nchi nyingine, kwa zaidi ya asilimia 20 ya muda. Maana yake kwa fundi ni kwamba vipimo vya siku moja ya jua kali havithibitishi lolote. Acha kichanganuzi kirekodi mfululizo, kwa hali ya kushikilia kilele, kwa wiki na si kwa saa.

Dalili: madishi madogo ya GHz 12 yanaharibika upande mmoja tu wa mtambo wa ardhini

Bendi hii ina mpango wake wa kimataifa wa matangazo ya setilaiti kwenda majumbani, uliowekwa mwaka 1977 kwa sehemu kubwa ya dunia na mwaka 1983 kwa mabara ya Amerika. Nchini Marekani, MHz 12,200 hadi 12,700 ziliruhusiwa pia kutumiwa na mitambo ya ardhini ya video, kwa hoja ya kijiometri: huko madishi yote hutazama kusini, basi mitambo ya ardhini irushe kuelekea kusini, ili mawimbi yake yayafikie madishi kwa mgongo.

Hoja hiyo ni nzuri, lakini ina tundu. Pembe ya LNB huwa inatazama dishi, na sehemu ya mtazamo wake hupita juu ya ukingo wa dishi na kuona kilicho nyuma. Mtambo ulio nyuma na juu kidogo huingia moja kwa moja kwenye pembe bila kuakisiwa na dishi. Kwa hiyo, anayeathirika mara nyingi si yule aliye mbali, bali yule aliye karibu, mbele ya mtambo, na mwenye dishi lililofungwa juu ya paa. Lisogeze dishi ili jengo lenyewe likae kati yake na mtambo, au tumia dishi kubwa zaidi lenye ukingo unaoizidi pembe.

Dalili: mnara wa televisheni ya ardhini umenyamaza, na mtambo wake wa kurushia ni mzima

Naiweka peke yake kwa sababu madhara yake ni makubwa kuliko yote. Minara mingi ya televisheni ya dijitali hupata matangazo yake kutoka kwenye setilaiti, kupitia dishi lililo chini ya mnara. Kisha nafasi juu ya mnara huohuo hukodishwa kwa kampuni ya simu. Siku kituo cha simu kinapowashwa, LNB iliyo makumi machache ya mita chini yake inazidiwa, mtambo wa televisheni unakosa cha kurusha, na wilaya nzima inabaki na skrini nyeusi ingawa kila mtazamaji ana antena nzuri. Katika mtandao ambao minara kadhaa hurusha masafa yaleyale kwa wakati mmoja, mnara unaopokea kwa kukatikakatika unaweza pia kupoteza ulinganifu wa muda na kuwaharibia watazamaji wa minara jirani.

Anza kwa kuangalia taa za kipokezi cha setilaiti, kabla ya kufungua kabati la mtambo wa kurushia. Linganisha saa ambayo makosa yalianza na saa ambayo kazi ilifanyika juu ya mnara. Mkataba wa kukodisha nafasi unapaswa kudai kichujio kwenye LNB na kipimo cha pamoja kabla kituo cha simu hakijawashwa. Chanzo cha pili cha matangazo, kwa nyaya za fiba au maikrowevu, si anasa kwa mnara unaohudumia watu wengi.

Dalili: kipokezi kinasikia vizuri mashambani na vibaya mjini, karibu na kirudia matangazo

Katika redio na televisheni za setilaiti zinazosaidiwa na virudia vya ardhini, adui anaweza kuwa mtambo wako mwenyewe. Mwaka 1992, MHz 1452 hadi 1492 zilitengwa kwa matangazo ya sauti ya dijitali, ya setilaiti na ya ardhini pamoja. Redio ya setilaiti ya Marekani hutumia MHz 2320 hadi 2345, ambako virudia vimepewa vipande vyao katikati ya vile vya setilaiti.

Kirudia kinachopokea na kurusha kwenye masafa yaleyale huanza kujisikiliza mwenyewe iwapo utenganisho kati ya antena zake mbili hauzidi ukuzaji wake; acha pengo la desibeli 10 hadi 15. Kama setilaiti na kirudia vinatumia masafa mamoja na mfumo mmoja wa OFDM (unaogawa data kwenye vibebaji vingi vidogo), mwangwi wao lazima uangukie ndani ya muda wa kinga. Safari ya kwenda kwenye setilaiti na kurudi huchukua karibu robo ya sekunde, hivyo kirudia kinacholishwa kwa njia ya fiba ni lazima kicheleweshwe kwa kiasi hicho, na kirekebishwe kadiri setilaiti inavyoyumba kidogo kila siku.

Dalili ya kinyume: mtambo wa ardhini ndio unaolalamika

Viungo vya maikrowevu kati ya studio na mnara katika MHz 5925 hadi 6425 vinashirikiana na vituo vinavyorusha kuelekea setilaiti. Omba kituo kizime mawimbi yake kwa dakika chache zilizokubaliwa, na upime kiungo kabla, wakati na baada. Mara nyingi dawa ni kubadilisha polaraizesheni au chaneli ya kiungo.

Kuwasilisha malalamiko

Kabla ya kuandika, chunguza hadhi yako. Huduma ya daraja la pili haiwezi kudai ulinzi dhidi ya ile ya daraja la kwanza. Dishi la kupokea tu, ambalo halikusajiliwa kwa mamlaka ya masafa, kwa kawaida halimo kwenye hesabu za uratibu za Kiambatisho cha 7 cha Kanuni za Redio, na waliopanga mnara hawakuwa na namna ya kujua kwamba lipo. Lisajili leo, hata kama tatizo la leo limekwisha.

Ujue pia kwamba madhara yanayotambuliwa na kanuni ni madogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Pendekezo la S.1432 la ITU linaziachia huduma nyingine zenye hadhi sawa asilimia 6 ya kelele ya mfumo, yaani mwingiliano ulio desibeli 12.2 chini ya kelele, na huo hupunguza ubora kwa robo ya desibeli tu. Matangazo ya DVB-S2 (kiwango cha televisheni ya setilaiti) yenye moduli ya 8PSK na msimbo wa 3/4 yanahitaji mawimbi yawe karibu desibeli 7.9 juu ya kelele; ukipokea 10, robo hiyo haitaigandisha picha, lakini inakula akiba uliyoiwekea mvua.

Taarifa iwe na mahali pa dishi kwa latitudo na longitudo, urefu wake kutoka ardhini, uelekeo na mwinuko, aina ya LNB, picha za kichanganuzi za kabla na za sasa, mpangilio wa nguvu dhidi ya wakati, na orodha ya saa za makosa. Eleza mlango ulioutambua kati ya ile mitatu na jaribio lililokuthibitishia. Kisha omba jaribio la pamoja: mwenye mnara azime sekta (antena za upande mmoja wa mnara) moja baada ya nyingine kwa dakika zilizokubaliwa, wakati wewe unarekodi MER. Sekta ambayo kuzimwa kwake kunarudisha MER ndiyo ya kushughulikiwa, kwa kuiinamisha zaidi chini, kuigeuza, kuipunguzia nguvu au kuifungia kichujio. Rudia kipimo kilekile baada ya marekebisho, kisha urudie tena katika msimu wa usiku mtulivu.